Tumechoka Kuipigia Meli Ngoma

Mara ya kwanza kuifikia meli ya kitalii karibu ya kutosha kuigusa, nilikuwa na njuga miguuni. Tulikuwa vijana kumi na wawili wa kikundi cha ngoma cha Mtongwe, tumeamshwa saa tisa usiku ili tuvuke feri tufike Kilindini kabla meli haijafunga gati. Kazi yetu ilikuwa kupiga sengenya wageni wakiteremka ngazi. Tukapiga. Wazee wa Kizungu wakashuka polepole wakishikilia vyuma, wakatuelekezea simu, wakaingia kwenye vani. Wengine Tsavo, wengine Fort Jesus, wengine wakajaribu kutembea hadi mjini wakarudishwa na jua. Jioni tukapiga tena wakipanda. Saa moja usiku meli ikapiga honi, taa zote zinawaka kama mtaa mzima umeamua kuhama, na feri ya Likoni ikasimama ng'ambo kuipisha, imejaa watu waliotoka kazini. Sisi tulilipwa mia tano tano na soda.

Wakati wa kutoka nilimuuliza askari wa geti swali nililodhani ni la kawaida. "Boss, hii meli tiketi inakatwa wapi?"

"Ya kwenda wapi?"

"Popote."

Alicheka mpaka akashika nguzo. "Kijana, hii haipandiwi hapa. Hii ni ya kuona tu."

Nimekaa na hayo maneno miaka kadhaa sasa. Ya kuona tu. Kila msimu ukifika, kuanzia Novemba kaskazi inapoanza kuvuma, gazeti litakuwa na picha ileile: meli nyeupe nyuma, wachezaji mbele, mheshimiwa katikati ameshika shada la maua. Habari itasema Mombasa imerudi kwenye ramani ya utalii wa meli. Na sisi tutashea hiyo picha, tutaandika "Mombasa raha" chini yake, wala hakuna atakayeuliza mbona katika watu wote walio pale pichani, aliyezaliwa hapa ndiye pekee asiyeweza kupanda.

Ngoja nieleze kitu, kwa sababu hawa waheshimiwa hutuchanganyia makusudi. Kuna bandari ambayo meli hupitia, na kuna bandari ambayo ni nyumbani kwa meli. Ile ya kupitia, meli hufika asubuhi ikaondoka jioni. Wageni wamelala mle ndani, wamekunywa chai mle ndani, na chakula cha usiku kinawangoja mle ndani. Kinachobaki mjini ni pesa za vani, kinyago kimoja, dafu, na mia tano zetu. Ile ya nyumbani ni kitu kingine kabisa. Safari huanzia pale na kuishia pale. Abiria hufika siku moja kabla, wakalala hotelini mjini. Meli hupakia mayai, samaki, mboga, maembe, maji, mafuta. Mashuka hufuliwa, mitambo hukaguliwa, wafanyakazi hubadilishana zamu. Mkulima wa Kilifi anauza, fundi wa Changamwe anapata kazi. Na zaidi ya yote, mtu wa mji ule anaweza kuamka Ijumaa, akafunga begi, akapanda tuktuk hadi gatini, akasafiri.

Mombasa ni ya kupitia. Tunasherehekea kupitiwa.

Na haikuwa hivi siku zote, hilo ndilo linaloniuma. Zamani meli za kampuni ya British India, Karanja na Kampala, ziliunganisha Bombay, Mombasa na Durban, na hazikubeba matajiri peke yao. Kulikuwa na abiria wa sitaha, watu na mikeka yao na vyungu vyao. Juzijuzi tu, miaka ya tisini hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kulikuwa na meli ya kitalii yenye makao yake hapahapa Mombasa, Royal Star, ikiwachukua watalii wa hoteli za Pwani hadi Zanzibar na visiwa vya Bahari ya Hindi. Ilikuwa ya wageni, sawa, sidanganyi. Lakini ilikuwa ikirudi nyumbani, na nyumbani ilikuwa Kilindini.

Halafu wakaja maharamia. Tarehe 5 Novemba 2005 meli ya Seabourn Spirit ilishambuliwa nje ya pwani ya Somalia, ikiwa njiani kuja Mombasa. Ilinusurika, ikageuza na kwenda Ushelisheli. Miaka iliyofuata meli za kitalii zilituogopa kama ugonjwa, na kwa haki. Hilo naelewa. Nisichoelewa ni kwamba mwanzoni mwa 2023 mashirika ya usafirishaji baharini yaliondoa Bahari ya Hindi kwenye orodha yao ya maeneo ya hatari kubwa, jengo la abiria wa meli za kitalii limeshajengwa pale Kilindini, na bado mpango wetu wote ni ngoma na shada la maua.

Kuna wanaonijibu: kwani nyinyi mnataka kruzi? Mkenya gani ana pesa ya kruzi? Swali hili huulizwa na watu wanaopanda ndege kwenda Diani wikendi, lakini tulijibu. Reli ya SGR ilipoanza 2017, walisema vivyo hivyo, ati watu watabaki na mabasi. Leo jaribu kukata tiketi ya Madaraka Express ya Desemba dakika ya mwisho uone. Daraja la kawaida limepanda kutoka elfu moja hadi elfu moja mia tano na bado watu wanabanana. Wasee wa Nairobi wakishafika Mombasa wanalipa mtumbwi wa vioo, wanalipa jahazi la chakula cha jioni linalozunguka mkono wa bahari na kurudi palepale lilipotoka. Yaani mtu analipa pesa nzuri ili chombo kisimpeleke popote! Huyo ukimwambia kuna meli ya Ijumaa usiku kwenda Pemba na Unguja, irudi Jumapili, atakuuliza bei ama atakuuliza nafasi?

Tazama Durban. Kutoka pale, msimu wa kiangazi, watu wa kawaida wa Afrika Kusini hupanda meli kwa siku tatu nne hadi pwani ya Msumbiji na kurudi. Walimu, manesi, watu wanaosherehekea miaka arubaini. Makelele, muziki, nyama choma. Tangu Januari 2023 Mkenya haombi viza ya Afrika Kusini, kwa hivyo unaweza kuruka hadi Durban ukafanye safari ya bahari ambayo ungeweza kufanya kwenu. Bahari ni ileile. Tofauti ni kwamba mtu fulani kule aliamua wenyeji ni abiria.

Binamu yangu ni baharia. Alisomea hapa Mombasa, akapata kazi kwenye meli moja kubwa ya kitalii, anapanga meza na kukunja taulo ziwe umbo la bata. Tunajivunia sana. Lakini hebu fikiria safari yake ya kwenda kazini: anatoka Likoni, anavuka feri, anapanda gari moshi hadi Nairobi, anapanda ndege usiku hadi Ulaya, ndipo apande meli. Mtoto aliyezaliwa hatua chache kutoka mkondo wa Kilindini anapaa angani kwenda kuitafuta bahari. Mwaka mmoja meli yake ilipita Mombasa. Alipewa saa tatu. Mamake alipika pilau akaileta getini kwenye hotpoti, akaila amesimama.

Sasa niseme la bibi yangu, maana bila yeye haya yote yangekuwa porojo za mtu anayetaka likizo.

Bibi ni Mpemba wa Wete. Alikuja mwaka 1964 na babu, kwa jahazi, usiku, akiwa na umri wa miaka kama ishirini, wakati Zanzibar inawaka. Babu alikuwa mvuvi. Wakakaa Mtongwe wakazaa watoto sita, na kwa karibu miaka sitini bibi aliishi nchi hii bila karatasi. Hakupiga kura hata siku moja. Mwaka 2023 serikali ikawatambua rasmi Wapemba kuwa jamii ya Kenya, bibi akapigwa picha, akapata kitambulisho. Siku alipokileta nyumbani alikiweka juu ya kabati la vyombo, kikaegemezwa kwenye buli. Kisha akasema, "Sasa naweza kwenda kumwona Bakari." Bakari ni kakake, mdogo wake wa mwisho, aliyebaki Wete.

Kutoka Mombasa hadi Wete, ukipita baharini moja kwa moja, ni kama kilomita 110 hivi. Nairobi hadi Mombasa ni mara nne ya hapo na zaidi. Lakini hakuna mahali Mombasa ambapo bibi wa miaka themanini anaweza kununua tiketi ya meli ya Pemba. Nilitafuta. Gatini walinielekeza kwa wakala, wakala akanielekeza Bandari ya Kale, Bandari ya Kale mzee mmoja mwenye kofia akaniambia, "Jahazi la simiti lipo, lakini si la bibi." Shimoni kuna mashua, wanaozijua wanazijua, ila mimi simtii bibi yangu kwenye mashua ya usiku isiyokuwa na hata boya la kutosha. Njia halali ni basi hadi Lunga Lunga, uhamiaji, Horohoro, uhamiaji tena, Tanga, ulale, usubiri siku ya meli, ndipo uvuke. Magoti ya bibi hayatoki hata Likoni bila kusimama mara tatu.

Tukawa tunapanga. Mwaka jana Bakari akafa.

Nilikwenda mimi kwa niaba yake. Basi liliharibika kabla ya mpaka. Tanga nilikuta meli imeondoka asubuhi, nikangoja mbili nzima. Nilifika Wete siku ya nne, matanga yameanuliwa, mikeka imekunjwa, nikaonyeshwa kaburi na mtoto wa jirani. Nilipiga picha. Bibi hakutaka kuiona. Aliniuliza tu bahari ilikuwaje, nikamwambia shwari, akatingisha kichwa.

Siku nne, kilomita 110. Na wiki ileile, kutoka barazani kwake Mtongwe, bibi aliona meli mbili kubwa kuliko Wete nzima zikiingia Kilindini na kutoka.

Najua mtakachosema wengine: bahari inaua. Mimi ni mtu wa Mtongwe, msinifundishe hilo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri yetu ilizama, watu 272, na kuna nyumba kwetu ambazo bado zinahesabu miaka kuanzia siku hiyo. Mwaka 2011 Spice Islander ilizama ikielekea Pemba hiyohiyo. Lakini feri ya Mtongwe ilizama kwa sababu ilijazwa kupita kiasi, na Spice Islander vilevile. Hilo ni jambo la kuhesabu vichwa na kumzuia nahodha asing'oe nanga. Dar es Salaam na Unguja wanaendesha meli za abiria kila siku, zaidi ya mara moja kwa siku, tena baada ya huzuni hizo zote. Wao walirekebisha. Sisi tuligeuza mgongo, tukaiacha bahari iwe ya kontena na wageni.

Na barabara tunazolazimishwa kuzipenda, zinaokoa? Muulize mtu wa Lamu. Basi la Mombasa kwenda Lamu limewahi kusindikizwa na polisi kwa miaka, na bado watu wameuawa njiani. Tarehe 20 Mei 2021 tulifungua gati mpya la Lamu kwa mbwembwe, gati la meli kubwa za mizigo. Abiria wa Lamu? Apande basi, ashuke Mokowe, avuke kwa boti. Manze, tumejenga bandari mbili na hakuna meli ya abiria kati yake.

Siombi kasri linaloelea lenye bwawa na kasino. Venice wenyewe wamezifukuza meli kubwa za aina hiyo katikati ya mji wao tangu 2021, na sioni kwa nini sisi tuzililie. Nataka meli ya viti mia tatu, vibanda vichache vya kulala, choo kinachofanya kazi, kantini yenye mahamri. Mombasa, Wete, Unguja. Wiki nyingine Mombasa, Lamu. Kusi ikiwa kali, Juni na Julai, ipunguze safari, hakuna atakayelalamika. Kaunta za uhamiaji zitumike zile zinazofunguliwa kwa ajili ya mabibi wa Florida. Kama serikali inaweza kutoa masharti nafuu ili meli ya kigeni ije kukaa saa kumi, itoe masharti hayohayo kwa yeyote atakayekubali kuiita Mombasa nyumbani. Na kaunti ikitaka picha, sisi tutapiga ngoma, tena bure.

Kikundi chetu kimeitwa tena msimu huu. Bei imepanda, sasa ni mia saba. Nimewaambia wenzangu mimi nitakuja ila sivai njuga. Pasipoti ya bibi imetoka, bluu, bado inanuka gundi. Nitamvusha feri asubuhi na mapema, kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima, na khanga zake mbili na kikapu. Tutasimama getini na wasafiri wengine. Yule askari kama bado yupo, amweleze yeye mwenyewe kwamba ni ya kuona tu.