Video Ifunguliwe na Nini? Aamue Mwenye Kompyuta

Anayenunua muvi kwenye flashi katika vibanda vya mitaani huondoka na mafaili yenye mikia mbalimbali: MP4, MKV, AVI. Akifika nyumbani na kubofya faili mara mbili, kompyuta humwamulia programu ya kulifungua. Sauti isipotoka, au skrini ikibaki nyeusi, lawama zote humwendea muuza muvi, ilhali mara nyingi faili ni zima na kosa ni la programu iliyokabidhiwa kazi bila mwenye kompyuta kuulizwa. Naona uamuzi huo ni wake, na aufanye aina moja ya faili baada ya nyingine.

Mkia wa faili ni kama maandishi juu ya gunia. MKV ni gunia tu. Ndani picha inaweza kuwa imebanwa kwa H.264 au H.265, na sauti kwa njia nyingine kabisa. Windows hutazama maandishi ya gunia, kisha huiita programu iliyosajiliwa. Kama haijui kufungua kilichomo, mtazamaji huambiwa atafute nyongeza. Nyongeza ya H.265 imekuwa ikiuzwa senti 99 za dola katika duka la mtandaoni la Microsoft. Bei ni ndogo, lakini inataka intaneti na kadi ya kulipia nje, na wengi wanaotazama muvi za flashi hawana vyote viwili. Programu ya video ya VLC, iliyoanzia katika mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996, hubeba vifunguzi vyake yenyewe na haidai hata senti.

Ulaya imeligombania jambo hili la programu isiyochaguliwa na mtumiaji kwa miaka mingi. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497, na kuiamuru iuze pia Windows isiyo na programu yake ya video, Windows Media Player. Microsoft ikatii, ila kwa bei ileile ya Windows kamili. Nani anunue pungufu kwa bei ya timilifu? Watengenezaji wa kompyuta hawakuichangamkia. Dawa ile ilikosea ugonjwa: tatizo halikuwa programu kuwepo, bali kukalia kiti ambacho mwenye nyumba hakuipa. Sheria ya Masoko ya Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, ambayo kampuni kubwa zilianza kubanwa nayo Machi 2024, imelenga vizuri zaidi kwa kudai mtumiaji aweze kubadili chaguo la awali kwa urahisi.

Wapo wanaosema uhuru huo ni hatari, kwa kuwa programu chafu zilizoea kujitwalia aina za mafaili kimyakimya. Ni kweli, na tangu Windows 8 mfumo huweka alama ya siri kuthibitisha kwamba chaguo limefanywa na mtu. Kufuli hilo nalikubali. Nisichokubali ni kumsumbua mtu mwenyewe: Windows 11 ilipotoka 2021, aliyetaka kubadili kivinjari alilazimika kuhamisha aina moja moja ya faili, hadi malalamiko yalipozidi na kitufe kimoja kikarudishwa mwaka uliofuata.

Kwa video, hata hivyo, kuchagua aina moja moja ni faida, na hapo ndipo pia ninapowajibu wanaotetea programu ya kiwandani kwamba inatunza betri. VLC nayo hutumia kichakata picha cha kompyuta ili kuokoa umeme, lakini hakuna haja ya kuhamisha kila kitu. MP4 za simu zikifunguka vizuri, zibaki zilipo. MKV zikigoma, zihamishwe peke yake. Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua programu, kisha iambie kompyuta itumie hiyo daima. Ni kazi ya nusu dakika, fupi kuliko safari ya kurudi kibandani kugombana na mtu asiye na kosa.