Sahihi ya Uongo

Wazazi wenzangu mkaao Marekani, na hasa ninyi mliofika California kutoka Kongo, Burundi na Tanzania, neno langu ni kwenu, wala sitalipaka asali. Iko karatasi moja ambayo wengi wetu tunaitia sahihi kwa uongo, na uongo huo wahatarisha roho za watoto wetu.

Sheria ya California yamruhusu kijana wa miaka 16 kuendesha motokaa peke yake, lakini kwa masharti. Sharti awe amekaa na kibali cha mwanafunzi muda wa miezi 6, na katika muda huo awe ameendesha saa 50, ubavuni pake ameketi mtu mzima mwenye leseni, asiyepungua miaka 25. Katika saa hizo, 10 ziwe za usiku. Ni nani ashuhudiaye kwamba saa zimetimia? Si askari polisi. Ni mzazi, kwa sahihi yake. Basi hapo ndipo tuangukapo. Kijana aleta karatasi jioni, baba amechoka kwa kazi, auliza, "Nitie wapi jina?" Saa 50 zimekwisha kwa wino wa dakika moja.

Jibu lenu nalijua. Mtaniambia: "Mwalimu, mimi mwenyewe sijui kuendesha. Mtoto huyu ndiye atupelekaye sokoni, hospitali na kanisani. Nimfundishe nini?" Neno hili lina uchungu, nami silicheki, lakini si hoja. Sheria haikusema kwamba aketiye ubavuni lazima awe baba mzazi. Siku ya Jumapili uwanja wa kanisa umejaa motokaa. Je, zimejileta zenyewe? Saa 50 katika miezi 6 ni kama saa 2 kwa juma, na kwaya zetu hufanya mazoezi kupita hayo. Harusi ikitokea twachangishana fedha mpaka senti ya mwisho. Mbona hatuchangishani saa?

Nayasema haya kwa ajili ya kiangazi cha huko. Chama cha wenye motokaa cha Marekani, kiitwacho AAA, kimeziita siku zilizo kati ya Memorial Day, mwisho wa Mei, na Labor Day, mwanzo wa Septemba, kuwa ni siku 100 za mauti kupita zote kwa madereva vijana. Sababu yake si fumbo. Mwezi wa Januari kijana huenda shule na kurudi, kwa njia aijuayo. Mwezi wa Julai shule imefungwa. Huenda pwani na wenzake wanne, muziki umefunguliwa, simu yalia, na kurudi ni usiku. Wachunguzi wameona mara nyingi kwamba dereva wa miaka 16 au 17 akipakia vijana wenzake, hatari huongezeka kadiri waongezekavyo.

Kwa hiyo sheria yamkataza dereva huyo katika miezi 12 ya kwanza kupakia mtu aliye chini ya miaka 20, au kuendesha tangu saa 5 za usiku hata saa 11 za alfajiri, isipokuwa ameketi pamoja naye mzazi mwenye leseni au mtu mzima mwingine kama huyo niliyemtaja. Na simu haruhusiwi kuitumia kabisa, hata ile isiyoshikwa kwa mkono. Hata wadogo zake hawezi kuwapakia peke yake, ila kwa haja ya lazima ya jamaa, naye awe na barua ya mzazi yenye sahihi, ikieleza haja hiyo na siku itakapokoma. Ni wangapi kati yetu wamepata kuiandika barua hiyo? Twawajaza watoto watano nyuma, hata mikanda haiwatoshi, kisha twasema, "Mungu awatangulie."

Tena, tuseme kweli: binti akichelewa nusu saa twasimama mlangoni, mvulana akirudi saa 8 za usiku twasema amekua. Barabara haimjui mvulana wala msichana.

Wengine hunena kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ndiyo, lakini ulimwengu wa lami hufundisha mara moja tu, na mara nyingi mwanafunzi haamki kulitaja somo.

Yule aliyetia sahihi aweza pia kwenda katika ofisi ya leseni na kuomba leseni ya mtoto wake ifutwe, maadam hajatimiza miaka 18. Wengi hawalijui jambo hili, na vijana wao hawana haraka ya kuwaambia. Lakini kabla ya kufika huko, mwulizeni kijana wiki hii, kabla shule hazijafungwa: saa zako 50 zimeandikwa wapi, na nani aliketi nawe? Akikosa la kujibu, ufunguo na ukae mfukoni mwa mama hata zitimie.