Ndege haifuati mstari wa ramani, tuache kuwadanganya watoto

Haya wanachuo wenzangu, nimerudi kutoka field na nina hasira. Siyo za bumu kuchelewa, hizo tumezizoea.

Ni hivi. Kule nilikopangiwa nilifundisha Hesabu kidato cha nne, ile mada ya dunia kama tufe. Nikatunga swali kama tulivyotungiwa sisi: New York na Beijing zote ziko karibu na latitudo 40 Kaskazini, zimeachana nyuzi 170 hivi za longitudo, ndege inafuata latitudo hiyo kwa kilomita 900 kwa saa, itatumia muda gani? Mnajua wenyewe: 170 mara 111 mara kosaini ya 40, kama kilomita 14,450. Masaa 16. Tiki, kaa chini.

Dogo mmoja wa nyuma akaandika masaa 12. Alipita Ncha ya Kaskazini! Beijing hadi nchani nyuzi 50, nchani kushuka New York nyuzi 49, jumla 99 mara 111, karibu kilomita 11,000. Nikamkosesha. Nikamwambia ajibu swali kama lilivyoulizwa, darasa likacheka.

Jioni nikachukua uzi na tufe la ofisini (bado limeandikwa Zaire, jina lililoachwa 1997, lakini hayo tuyaache). Nikashika New York, nikashika Beijing, nikavuta. Uzi haukukaa kwenye latitudo 40 hata kidogo, ulikimbilia wenyewe kwenye barafu. Yaani mimi mwalimu nilikuwa nimemzungusha rubani kilomita 3,400 za bure, sawa na Dar hadi Mwanza kwa ndege mara nne. Nani angelipa mafuta hayo?

Rumeti wangu anasema nakuza mambo, swali linapima kosaini tu. Sikubali. Kama ni kosaini, kwa nini tunaweka ndege na majina ya miji? Mtoto anaondoka akiamini ndivyo watu wanavyosafiri. Muulize sehemu mbili: kwa latitudo ni ngapi, kwa njia fupi ni ngapi, aone tofauti. Au mpeleke ikweta, Kampala hadi Singapore, huko njia zote mbili ni karibu kilomita 7,900 na hakuna anayedanganywa.

Halafu hata masaa 12 siyo mwisho wa maneno. Kuna upepo, kuna siasa. Mwaka 2022 Urusi ilifunga anga lake kwa mashirika ya ndege ya Marekani, na njia fupi ya Beijing inakatiza hukohuko. Hilo nalo lingenoga darasani, kuliko kuimba fomula.

Alama za dogo nilimrudishia, kimyakimya, kwenye daftari lake. Mbele ya darasa lililomcheka sikusema kitu, na field ikaisha.