Nani Aliwatuma?

Sisi wa Yanonge, mtu akitua gunia la makala au mzigo wa mihogo kando ya mto kungoja chombo cha kumpeleka Kisangani, huuliza kwanza: redio imesema nini? Tangu Februari 2002 Radio Okapi inasema nasi kwa Kiswahili na Lingala, na barabara ikikatika, sauti hiyo hutufikia. Ndiyo maana tunamlilia mtu wa Bukavu ambaye wengi wetu hatukumwona kwa macho.

Serge Maheshe, mhariri wa redio hiyo, alipigwa risasi jioni ya tarehe 13 Juni 2007, akitaka kuondoka kwa gari la Umoja wa Mataifa, mbele ya marafiki zake wawili. Alikuwa na miaka 31. Wiki chache kabla alikuwa amelalamika kwamba wanajeshi wanamtishia. Sasa tuambieni, nyinyi wenye vyeo: mtu akitishwa na wenye bunduki kisha akauawa kwa bunduki, uchunguzi unaanzia wapi?

Ulianzia kwa wale waliomlilia. Wanaume wawili walikiri kuua, wakasema marafiki wale wale ndio waliowalipa. Agosti 2007 mahakama ya kijeshi ikawahukumu kifo wote, waliokiri pamoja na marafiki. Haikupita muda, wale waliokiri wakayakana maneno yao. Wakaandika kwamba maofisa wa sheria wa jeshi ndio waliowasukuma kuwataja marafiki. Hatujasikia maofisa hao wakiulizwa kwa bidii kama walivyoulizwa wafiwa. Mei 2008, kwenye rufaa, marafiki wakaachiwa huru. Wale waliokana maneno yao wakabaki na hukumu ya kifo.

Na kwa nini mahakama ya kijeshi, wakati walioshtakiwa walikuwa raia? Wanasema ni kwa sababu silaha ilikuwa ya kivita. Lakini Katiba ya 2006, kifungu cha 156, inasema mahakama hizo ni za makosa ya wanajeshi na polisi. Tulipiga foleni kuipigia kura Katiba hiyo. Tulidhani ni ya kutumika.

Kidonda hakijapona, tarehe 21 Novemba 2008 Didace Namujimbo, wa redio ile ile, katika mji ule ule, akapigwa risasi usiku akirudi kwake. Wawili, katika miezi 17. Huko Kinshasa, Franck Ngyke wa gazeti la La Référence Plus alikuwa ameshauawa Novemba 2005 pamoja na mkewe. Kila mara wanaletwa vijana maskini wa kufungwa. Kila mara swali letu linabaki barazani: nani aliwatuma? Huenda baadhi yao wana hatia kweli, hatukatai. Ila mtu asiye na kitu, ambaye habari ya mwandishi haikumgusa popote, alipata wapi sababu ya kumuua?

Msituambie tunashuku bure. Sisi ni watu wa Tshopo. Mei 2002, Kisangani, watu zaidi ya mia moja waliuawa baada ya uasi, na miili ikatupwa kutoka daraja la Tshopo, mingine imefungwa mawe ili izame. Ilielea. Maji yale yanashuka huku kwetu. Tunajua mtu anaweza kufichwa, na tunajua pia waliotoa amri huishi vizuri baadaye.

Tunachotaka hakihitaji fedha za kigeni: kesi ifunguliwe upya mbele ya mahakama ya raia, aanze kuulizwa mwenye amri, na shahidi arudi nyumbani kwake akiwa shahidi. Maana kwa sasa, kijana wetu akisema ameona kitu usiku pale bandarini, mama yake humfunga mdomo kwa kiganja na kumwambia alale.