Mkongwe na Chipukizi

Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Ndugu zetu askari wanalifahamu jambo hili vyema, kwani kuruta hafundishwi na mwalimu wa gwaride peke yake. Mengi huyapata kwa sajini aliyekaa naye handakini. Kandanda ya kulipwa haina tofauti.

Tuchukue mfano wa kijana wa hapa Kagugu. Jana alicheza na wenzake wa shule katika kiwanja cha vumbi. Leo amesajiliwa na APR, klabu ya jeshi iliyoanzishwa mwaka 1993, au na klabu ya Polisi. Miguu anayo, pumzi anayo. Asichokuwa nacho ni ujuzi wa maisha mapya: kulala mapema, kumweleza daktari ukweli juu ya goti linalouma, kuvumilia benchi majuma kumi, na kustahimili kelele za uwanja mzima anapokosa bao. Kocha ana wachezaji zaidi ya ishirini wa kuwaangalia. Mambo hayo hufundishwa na mkongwe, mara nyingi kwa maneno mawili tu wakati wa kufunga kamba za viatu.

Mwaka 2011 vijana wetu wa chini ya miaka 17 walifika fainali ya Afrika hapa Kigali, wakafungwa na Burkina Faso mabao 2-1, kisha wakaenda Kombe la Dunia nchini Mexico. Ili wasitawanyike, wakawekwa pamoja katika klabu ya Isonga, wakipambana na watu wazima katika ligi. Nia ilikuwa njema. Lakini katika kundi la rika moja, nani atamwambia mwenzake jambo ambalo wote hawajalipitia?

Tazama njia ya Haruna Niyonzima. Alianza Etincelles ya Gisenyi akiwa kijana mdogo, akapitia Rayon Sports na APR, na mwaka 2011 akaenda Yanga ya Dar es Salaam. Kila alikokwenda aliwakuta waliomtangulia. Aliporejea kuichezea AS Kigali mwaka 2019, zamu ya kutazamwa na wadogo ilikuwa yake.

Lipo jambo gumu lisilofaa kufichwa. Chipukizi ndiye atakayechukua namba ya mkongwe, pamoja na mshahara unaolipa ada za watoto wake. Si ajabu baadhi ya wakongwe wakanyamaza, hasa walinda mlango, maana goli ni moja na anayesimama ni mmoja. Kwa hiyo viongozi wa klabu wasimwombe mkongwe ukarimu mtupu. Wampe kazi ya ualimu, mkataba na heshima, ili ajue kwamba kumfundisha kijana si kujichimbia kaburi.

Nanyi wazazi, mshahara wa kwanza ukifika, msimzingire kijana kwa madai ya mabati na mahari. Mwulizeni kwanza: "Ni nani kati ya wakubwa zako kambini anayekukanya?" Akiwa na jina la kutaja, mwalikeni mtu huyo nyumbani, mle naye chakula, mmshukuru. Akikosa jina, jueni kwamba mwanenu amepata jezi, lakini bado hajapata timu.