Weka Kamera Chini, Shika Mkono

Mwaka ndio unaishia hivyo. Nguo za watoto ziko kwa fundi, keki imeshaagizwa, na wenye kwenda mikoani wanahangaikia tiketi za basi. Mimi mwezi huu nataka tuongee kuhusu fataki. Na kabla hujaguna, simaanishi wale wazee wanaowahonga mabinti wa shule chipsi na vocha. Hao walipachikwa jina hilo na ile kampeni ya redioni iliyovuma Tanzania mwaka 2008 na miaka iliyofuata, na jina likawaganda. Mimi nasema fataki zenyewe, za baruti, zile ambazo wenzetu wa Zanzibar wanaziita fashifashi. Nasema na vile vijiti vya cheche vya kushika mkononi. Na zaidi nasema kamera ya nyumbani, ile ya familia, na nani anaishika usiku huo.

Swali langu ni dogo tu. Fungua albamu ya nyumbani kwenu, au hiyo simu yenye picha elfu nne. Nani hayumo?

Kila nyumba ina mpiga picha wake asiyelipwa. Kwa wengine ni baba, kwa wengine ni mama, kwa wengine ni dada mkubwa. Ndiye anayesema, "Shemeji sogea, umefunikwa. Wewe mtoto, hebu rudisha ulimi ndani." Anahakikisha bibi amekaa katikati na mkwe hajakatwa kichwa. Picha ikitoka, wote wamo isipokuwa yeye. Na kwa kuwa mwenyewe halalamiki, miaka inapita na hakuna anayegundua.

Albamu tatu, mwenyewe hayumo

Rafiki yangu mmoja alifiwa na baba yake. Mzee alikuwa mtu wa kamera tangu enzi za mkanda wa picha 36, ambao ukiisha unaupeleka studio kusafishwa na unasubiri wiki nzima. Kila Krismasi, kila kipaimara, yeye ndiye aliyepiga. Siku ya msiba, kamati ikaomba picha ya kuweka mbele ya jeneza na kwenye ratiba ya ibada. Albamu tatu zikashushwa kabatini. Mama yumo, watoto wamo, majirani wamo, hata mbuzi wa sikukuu yumo. Baba wakampata mara moja tu: kivuli chake kimelala kwenye nyasi mbele ya watoto, viwiko vimeinuka, kamera usoni.

Ikabidi wakuze kile kipicha cha leseni ya udereva, kile ambacho kila mtu hutoka kama mtuhumiwa. Rafiki yangu akaniambia, "Unajua, kicheko cha baba nakisikia mpaka leo. Lakini uso wake akiwa anacheka siukumbuki. Muda huo ulikuwa nyuma ya kamera."

Jamani! Maneno hayo yalinikaa rohoni.

Sasa fataki zinaingiaje hapo?

Zinaingia hivi. Picha nyingi za nyumbani zinataka mtu aishike kamera. Ya fataki inaukataa mkono wako. Usiku mwanga ni kidogo, kwa hiyo ili kulipata lile ua lote la moto, kamera inabidi iache jicho lake wazi kwa sekunde mbili hadi nne hivi. Hakuna mkono usiotikisika kwa muda huo. Ukilazimisha, badala ya ua unapata tambi. Kwa hiyo kamera lazima iwekwe juu ya kitu na iachwe.

Na ukishaiweka, mwenzangu, una mikono miwili mitupu! Mmoja unaweza kumshika mtoto, mwingine ukamshika mwenzio.

Tena usiku huo ni wa aina yake. Ni lini tena utawapata watu wote wa nyumbani macho saa sita kamili usiku, wamevaa vizuri, wamesimama pamoja, wote wanatazama upande mmoja? Kwa wengi ni mkesha wa mwaka mpya. Kwa Zanzibar kuna usiku wa kuamkia 12 Januari, kumbukumbu ya Mapinduzi ya 1964. Kwa majirani zetu Wahindu wa Kisutu na Upanga ni Diwali, mwezi wa Oktoba au Novemba, na huko vijiti vya cheche havikosekani. Nafasi zipo. Tatizo ni kwamba saa sita ikigonga, utamwona baba amenyanyua simu na mama amenyanyua simu, na katikati yao mtoto anavuta gauni akitaka kubebwa. Kukumbatiana kunangoja video iishe.

Kabla ya saa sita

Basi twende kwenye utendaji. Sihitaji uwe fundi.

Kwanza, zima flashi. Flashi ya kamera ndogo inafika mita tatu au nne hivi, na zile fataki kubwa zinapasukia mita mia na zaidi juu. Utakachomulika ni kisogo cha jirani.

Pili, tafuta hali ya fataki. Kamera nyingi za digitali za miaka ya 2000, hizi ndogo ambazo vijana wanazifukua tena kwenye droo za wazazi, zina orodha ya vialama. Kimojawapo kina umbo la fataki inayopasuka. Ukikichagua, kamera yenyewe inazima flashi, inalenga mbali na kuacha jicho wazi. Kama hakipo lakini kamera inakuruhusu kupanga mwenyewe, weka ISO 100, chagua alama ya mlima ili ilenge mbali, na muda wa sekunde mbili hadi nne. Wenye simu tumieni hali ya usiku, na simu nayo iegemezwe, isishikwe.

Tatu, mahali pa kuiweka. Stendi ya miguu mitatu ni nzuri, lakini hata ukuta wa baraza au stuli inatosha. Juu yake laza mfuko wa maharage wa kilo moja, uubonyeze katikati, kamera ikae humo kama mtoto kwenye mto. Haitelezi, na unaweza kuielekeza juu kadiri unavyotaka. Asubuhi maharage yanarudi jikoni.

Nne, tumia taima. Ile ya sekunde mbili inasaidia kidole chako kisitikise kamera. Ukiona mstari wa moto unapanda, bonyeza hapo hapo. Ukingoja mpaka ipasuke, umechelewa.

Tano, simameni upepo ukiwa mgongoni kwenu, ili moshi uende mbele na usiwafuate. Na piga mapema. Dakika za mwanzo anga ni safi, za mwisho ni ukungu mtupu.

Piga tatu au nne za anga, inatosha. Fataki tupu zinafanana dunia nzima. Nimeketi kwenye kiti hiki cha uhariri muda wa kutosha kukuambia kwamba ukinipa picha kumi za fataki, siwezi kusema ipi ni ya KICC Nairobi na ipi ni ya pwani ya Dar. Picha yako wewe ni hii: rudisha kamera nyuma, watu wasimame mbele yake wakitazama angani, weka taima ya sekunde kumi, kimbia ukaingie kwenye nafasi yako. Mtatoka weusi, migongo tu na vichwa, na moto juu yenu. Lakini nani asiyemjua babake kwa mabega? Nani asiyeujua mkono ulioshikwa na nani?

MAMA kwa cheche

Fataki zimewapa migongo. Nyuso zitatoka kwenye vijiti vya cheche, maana mwanga wake uko karibu na unamulika shavu vizuri kuliko taa yoyote ya sebuleni.

Hapa hali ya kamera inabadilika. Tafuta kialama cha mtu akiwa na nyota au mwezi. Kamera itapiga flashi mara moja, nyuso zitulie, kisha itaendelea kuacha jicho wazi kwa muda mfupi ili idake michoro ya cheche. Kwa hiyo flashi ikiwaka msitawanyike! Mtu aganda, mkono peke yake ndio uendelee kuchora, mpaka kamera ilie mara ya pili.

Huu mchezo una heshima yake. Mwaka 1949 mpiga picha Gjon Mili wa jarida la Life alimtembelea mchoraji Picasso huko Vallauris, kusini mwa Ufaransa. Wakazima taa, Picasso akashika kitaa kidogo na kuchora hewani huku kamera ikiwa wazi. Flashi ikamnasa mwenyewe, kitaa kikaacha michoro. Nyinyi mtafanya hivyo hivyo uani, na kandambili zenu miguuni.

Mtoto mmoja akijaribu kuandika MAMA akiwa ameikabili kamera, atashangaa: itatoka AMAM, kwa sababu kamera inamwona kwa upande wa pili. Na muda hautamtosha. Dawa yake ni kugawana. Watu wanne, kila mmoja herufi moja, na anayesimama kushoto kwa kamera ndiye aanze na M. Herufi M na A hazina kushoto wala kulia, kwa hiyo hakuna haja ya kuandika kinyume. Mama mwenyewe awe mmoja wa hao wanne, tafadhali. Akina baba msinune: BABA linawezekana, ila B ina tumbo upande mmoja. Ichoreni kinyume, tumbo lielekee kushoto kwa mchoraji. Mkiwa wawili tu, choreni moyo, kila mmoja nusu yake. Jaribuni mara tatu kabla ya kukata tamaa, kwa maana mara ya kwanza utakuwa kiazi.

Moto si mchezo

Kijiti cha cheche kinaonekana kama pipi ya sherehe, lakini joto lake linapita nyuzi 1,000 za sentigredi. Maji yanachemka kwenye 100. Nadhani nimeeleweka. Wadogo wa chini ya miaka mitano watazame tu, wasishike. Usishike kijiti huku umebeba mtoto. Nguo za nailoni, leso za harusini na mitandio inayopepea ikae mbali. Washeni nje, kimoja kimoja, mkono umenyooshwa, na pawe na ndoo ya maji au mchanga karibu. Kikizima, waya bado ni moto, kwa hiyo moja kwa moja kwenye ndoo, si chini ambapo kuna miguu mitupu. Fataki kubwa zina sheria zake na vibali vyake. Waachieni wenye kazi hiyo, nyinyi chagueni mahali pa kuzitazamia.

Na sasa la ndani

Dada zangu, kaka zangu, haya ni mazungumzo ya kufanya kabla ya siku yenyewe, si saa tano na dakika hamsini usiku. Kama mumeo ndiye mwenye kamera, mwambie kwa upole: "Baba fulani, mwaka huu nakutaka kwenye picha." Usimwambie kama malalamiko, mwambie kama unavyomwambia umempikia anachokipenda. Wapo watu wanaojificha nyuma ya kamera kwa sababu wananenepa, au nywele zimepungua, au hawajui wakae vipi. Mtu kama huyo anahitaji kuambiwa kwamba anatakiwa. Na kama wewe ndiwe mwenye kamera, usiseme "mimi nitapiga baadaye." Baadaye hupigi, tunajuana.

Kwa mama anayelea peke yake nalisema kwa msisitizo zaidi. Nyumbani kwako hakuna mtu mwingine wa kukupiga. Ukiwa wewe ndiwe mpigaji siku zote, wanao watakua na picha zao tele na zako hazipo. Mfuko wa maharage na taima ya sekunde kumi ndio mpiga picha wako.

Kisha, Januari ikifika, usiziache kwenye simu. Safisha hata mbili tu. Moja iwekwe sebuleni, nyingine mpelekee bibi kijijini na yeye abandike ukutani, pembeni ya kalenda. Haijalishi kama mmoja kafumba macho na herufi ya pili ya MAMA inafanana na mnazi uliopigwa na upepo. Ilimradi wote mmo.

Nawatakia mwaka mpya wenye heri na afya. Tukutane mwezi ujao, ada za shule zikituacha salama.