NGUVU, MBIO NA HILA: WAVAMIZI WA FUTBOLI YA MAREKANI WATUFUNZA NINI?

Huenda baadhi yenu mkauliza ukurasa wa utamaduni una shughuli gani na futboli ya Marekani, mchezo wa wanaume waliovaa kofia ngumu na mabega ya bandia, wakigombea mpira wenye umbo la yai. Jawabu ni kwamba mchezo huo umekwisha kubisha hodi kwetu. Mwaka 2022 wenye ligi kuu ya Marekani, iitwayo NFL, walifanya kambi ya kutafuta vipaji mjini Accra, na mwaka 2023 wakafika Nairobi. Aliyeiongoza kazi hiyo ni Osi Umenyiora, mzaliwa wa London, mwana wa wazazi wa Kinigeria, ambaye katika mchezo mmoja wa Septemba 2007 alimwangusha mrushaji wa wapinzani wake mara 6. Mnunuzi akibisha hodi, yampasa mwenye mali aijue thamani ya mali yake. Na mali hapa si kahawa wala karafuu. Ni miili ya vijana wetu.

Nayaandika haya huku Lwakhakha, mji mdogo wa Kaunti ya Bungoma, ukingoni mwa mto wenye jina hilo hilo uteremkao kutoka Mlima Elgon. Ukivuka daraja uko Uganda, na huko nako pana Lwakhakha nyingine. Wabukusu wa upande huu na Wamasaba wa upande ule ni ndugu waliotengwa na mstari wa ramani. Wazee wangali wanaikumbuka miaka ya 1976 na 1977, baada ya baridi kali kuiunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975 na bei ya kahawa kupanda duniani, jinsi soko la Chepkube, katika mpaka huu huu, lilivyofurika kahawa ya magendo kutoka Uganda ya Idi Amin. Siyataji hayo kwa kuyasifu. Nayataja kwa kuwa mtu wa mpakani aelewa upesi kuliko sote kiini cha kazi ya mvamizi: pana mstari, pana walinzi, na nyuma yao pana mali. Na njia za kumpita mlinzi ni tatu tu. Umsukume, umzunguke, au umhadae.

MCHEZO WENYEWE

Kwa ufupi, mambo ni haya. Kila upande una wachezaji 11. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ili isogee yadi 10. Ikishindwa, mpira huwaendea wenzao. Mchezaji mkuu ni mrushaji, asimamaye nyuma ya wakingaji watano wenye miili kama makontena, akitafuta mwenzake wa kumtupia mpira. Mvamizi ni yule wa timu pinzani ambaye kazi yake ni kuupita ukuta huo na kumwangusha mrushaji kabla hajautoa mpira mkononi. Muda alio nao ni sekunde mbili na nusu, tatu zikizidi. Na haruhusiwi kuuvuka mstari mpira haujaanza kwenda. Akitangulia, timu yake huadhibiwa.

Aliyepata kutazama kirumbizi huko Lamu ana ufunguo wa mchezo huu. Fimbo ya kirumbizi si ya kupigia tu, ni ya kukingia na kughilibia pia. Na mtazamaji hodari haitazami fimbo, huitazama miguu. Kadhalika mvamizi na mkingaji hupigana kwa mikono, lakini miguu ndiyo iamuayo.

WENYE NGUVU

Katika njia ya kwanza, ya kusukuma, hapana jina lililo kubwa kuliko la Reggie White. Alicheza katika ligi hiyo tangu 1985 hadi 2000, akawaangusha warushaji mara 198, na kabla ya kufariki dunia mwaka 2004 alikuwa pia mhubiri wa dini yake ya Kikristo. Ni Bruce Smith peke yake aliyempita, kwa mara 200, tangu hesabu hiyo ianze kuwekwa rasmi mwaka 1982.

Sasa tumtazame White kwa makini, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Watu husema alikuwa na nguvu za ajabu, na hapana shaka alikuwa nazo. Lakini wakingaji nao walikuwa na nguvu, na wengi walimzidi uzito. Siri yake ilikuwa wakati. Alianza kwa kukimbilia nje, kana kwamba ataka kumzunguka mkingaji. Mkingaji akaharakisha kurudi nyuma kumzuia, na uzito wake wote ukaegemea upande mmoja. Papo hapo White aliupitisha mkono wake chini ya kwapa la mwenzake, akamwinua na kumtupa upande ule ule aliokuwa ameuegemea. Alimwangusha mtu kwa uzito wa mtu mwenyewe.

Kabla yake alikuwako Deacon Jones, nyota wa miaka ya 1960, ambaye aliwazaba wakingaji makofi ya kichwani mpaka wakafumba macho, naye akapita. Mbinu hiyo ilipigwa marufuku mwaka 1977. Basi nguvu isiyo na ufundi sheria huweza kuiondoa. Ile yenye ufundi ndani yake hubaki.

WENYE MBIO

Njia ya pili, ya kuzunguka, ina bwana wake, naye ni Lawrence Taylor wa New York Giants. Aliingia mwaka 1981, na haukupita muda mrefu makocha wakalazimika kubadili mipango yao. Zamani mvamizi wa pembeni aliachiwa mchezaji mwepesi amzuie. Taylor alikuwa na mwili mkubwa na mbio za mtu mdogo, akawapita wale wepesi kama upepo upitao dirishani. Mwaka 1986 aliwaangusha warushaji mara 20 na nusu (nusu hiyo ni pale wawili wanapomwangusha mtu pamoja), na akatajwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima, heshima ambayo tangu hapo hakuna mchezaji wa ulinzi aliyeipata.

Athari yake haikuishia uwanjani. Mrushaji atupaye kwa mkono wa kulia huugeuzia mgongo upande wake wa kushoto, na huko ndiko Taylor alikotokea mara nyingi. Kwa hiyo mkingaji wa kushoto, ambaye zamani hakujulikana hata jina, akawa miongoni mwa walipwao fedha nyingi zaidi. Kama ilivyo sokoni, bei ya kufuli hupanda anapotokea mwizi hodari.

WENYE HILA

Njia ya tatu, ya hadaa, nampa Dwight Freeney wa Indianapolis Colts. Kwa kazi hiyo alihesabiwa mfupi, akiwa na futi 6 na inchi moja. Aliingia ligi mwaka 2002, akaangusha mara 125 na nusu, na mwaka 2024 akatiwa katika jumba la mashujaa wa mchezo huo.

Hila yake ilikuwa kuzunguka kama pia. Alikimbilia nje mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu, kwa mbio za kweli, mpaka mkingaji akaingiwa na khofu ya upande wa nje. Mara ya nne Freeney alikimbia vile vile, na mkingaji alipoegemea nje, akajigeuza duara kamili akapitia ndani, na mwenzake akabaki ameikumbatia hewa. Waliotazama mchezo wa ng'ombe wa Pemba waujua uzuri huo: mchezaji humpa fahali kitu cha kukifuata, kisha asiwepo pale.

Hapa pana funzo. Hila ya Freeney isingemfaa kitu kama mbio zake zingekuwa za uongo. Uongo mmoja wa mara ya nne uligharimiwa na kweli tatu zilizoutangulia. Na mwenzake wa upande wa pili, Robert Mathis, alikuwa na hila nyingine: hakumkamata mrushaji tu, aliupiga mkono wenye mpira. Mwaka 2013 Mathis aliongoza ligi nzima kwa kuangusha mara 19 na nusu.

Tukiwaweka watatu hawa pamoja twaona kwamba hakuna aliyekuwa na njia moja tu. White aliitumia mbio ili nguvu yake ifae. Taylor alikuwa na nguvu nyuma ya mbio. Freeney aliitumia mbio ili hila ipate kuaminiwa. Mtindo wa mchezaji si pambo la kujionyesha. Ni jawabu ampalo mtu aliye mbele yake, na majawabu hayo hujifunzwa kwa miaka, kama mtungaji ajifunzavyo vina na mizani mpaka asihisabu tena kwa vidole.

WAAFRIKA WAWILI WA MWAKA 2013

Mwaka huo huo wa 2013, katika timu hiyo hiyo ya Mathis, aliingia Mkenya. Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa mchezaji wa raga aliyepitia Afrika Kusini na New Zealand. Colts walimwandikisha Julai akiwa na umri wa miaka 23, ilhali hakuwa amepata kuucheza mchezo huo hata siku moja. Wakamweka katika nafasi ya mvamizi wa pembeni. Desemba akaingia uwanjani, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Magazeti yetu yalishangilia, na ilikuwa haki yashangilie. Lakini michezo aliyoicheza ilikuwa michache, majeraha yakamwandama, na kufikia 2015 safari yake na Colts ilikuwa imekwisha.

Kwa nini? Wako wasemao Mwafrika hawezi. Huo ni upuuzi, na ushahidi ni wa mwaka ule ule. Ezekiel Ansah, Mghana, rika moja na Adongo, alichaguliwa mwaka 2013 na Detroit Lions, wa tano kati ya vijana wote waliochaguliwa. Msimu wake wa kwanza aliangusha mara 8, na mwaka 2015 mara 14 na nusu. Yeye pia hakuzaliwa na mchezo huo. Alikwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Brigham Young mwaka 2008, akijaribu mpira wa kikapu na riadha, na futboli akaianza mwaka 2010. Tofauti ya wawili hawa haikuwa ya kifua wala ya miguu. Ansah alipata miaka mitatu ya kukosea mbele ya mwalimu, akiwa mwanafunzi. Adongo alipewa miezi, akiwa mwajiriwa, na mwajiriwa hakosei bure.

Pana na jambo la ufundi lisilosemwa sana. Katika raga, kumzuia mtu asiye na mpira ni kosa. Kwa hiyo mchezaji wa raga hukua bila ya kuguswa mpaka yeye au aliye mbele yake awe na mpira. Mvamizi wa Marekani kazi yake yote, kila jaribio, ni kuiondoa mikono ya mtu mwenye ruhusa ya kumzuia. Adongo alikuja na nguvu na mbio, akatakiwa ajifunze kwa haraka kitu ambacho sheria za mchezo wake wa kwanza zimekikataza. Ni kama kumchukua nahodha hodari wa jahazi ukamkabidhi meli ya mashine: bahari ni ile ile, lakini mikono yake haijui pa kushika.

TUWAAMBIE NINI VIJANA?

Magharibi ya Kenya hakukosekani miili ya michezo hii. Klabu ya raga ya Kabras, kutoka Kakamega jirani, ilitwaa Kombe la Kenya mara ya kwanza mwaka 2016, na imelitwaa tena baadaye. Mtafuta vipaji akifika Lwakhakha kesho hatakosa kijana mwenye kimo na kasi. Swali ambalo mzazi amuulize mgeni huyo si fedha ngapi. Ni miaka mingapi. Je, mwanangu atasomeshwa pamoja na kufunzwa, kama Ansah? Akiumia, nani atamtibu, na atarudi nyumbani na cheti gani mkononi? Khasa lile la kuumia lisidharauliwe, kwani mwaka 2015 mahakama ya Marekani iliidhinisha mapatano ya fidia kwa wachezaji wa zamani walioathirika ubongo, na malipo yake yamepita dola bilioni moja.

Pana na mlango mwingine, mwembamba lakini wa karibu. Katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028 imetiwa futboli ya vitambaa, ya wake na ya waume, watano kila upande. Hapana kugongana, mtu huzuiwa kwa kuchomolewa kitambaa kiunoni. Mvamizi huanzia yadi 7 nyuma ya mstari, na hakuna mkingaji wa kumshika. Hapo nguvu ya White haina kazi, ila mbio za Taylor na macho ya Freeney zingali na thamani. Uwanja wa shule ya msingi watosha, na gharama yake ni mpira na vitambaa.

Kahawa ya Chepkube ilivuka kwa haraka ikauzwa kwa haraka, na faida yake haikudumu. Tusiwavushe vijana wetu kwa namna hiyo. Nami namalizia kwa ubeti mmoja:

Mtoto akishaanza, umri haujapita,
Na mwalimu akafunza, hila na mbinu za vita,
Mwili wake akatunza, asijitie matata,
Mlango utafunguka, ajapotoka Lwakhakha.